Jina la Saba Kwenye Orodha ya Shimo

Nilijifunza kutengeneza programu za wavuti Lubumbashi, nikarudi Kolwezi kwa sababu mama yangu alikuwa mgonjwa na hakuwa na mtu mwingine. Nilipanga chumba mtaa wa Manika, nyuma ya kanisa, nikaweka meza, kompyuta na betri ya kunisaidia umeme ukikatika. Mwanzoni kazi zilikuwa ndogo: tovuti ya shule ya masista, orodha ya dawa za famasi moja. Halafu wakaja watu wa koperative ya wachimbaji, wenye machimbo yao kwenye njia ya Mutoshi.

Shida yao ilikuwa daftari. Kwenye mlango wa machimbo alikaa mama mmoja wa makamo aliyeandika kila mchimbaji anayeshuka na kila anayepanda. Siku moja mvua ililowesha daftari hilo, wino ukayeyuka, na kwa saa nzima hakuna aliyejua nani yuko chini. Hakuna aliyekufa siku hiyo, lakini waliogopa. Wakaniomba niwajengee orodha isiyolowa.

Niliijenga kwa miezi mitatu. Nilitumia kiunzi, yaani msimbo wa programu ambao wengine wamekwisha kuuandika ili mtu asianze kila kitu kutoka sifuri. Yeye anajenga juu yake tu. Mama wa mlangoni aliingiza namba ya mchimbaji kwenye simu, akachagua shimo, basi. Ukurasa mmoja, ambao niliuita "Walio Chini", ulionyesha majina yote kwa kila shimo. Kulikuwa na mlango wa pili, upande wa nyuma, ambako mtandao haukufika. Pale simu ilihifadhi majina, na mlinzi wa pale alipopanda kilima cha udongo na kupata mtandao, majina yote yalikwenda kwa mkupuo mmoja.

Wiki ya pili mama wa mlangoni alinipigia simu.

"Mama, mashine yako inakawia sana. Batu beko banapita, na mi niko naangalia tu kale kaduara kanazunguka."

Nilikwenda kuona. Alisema kweli. Ukurasa ulichukua karibu nusu dakika kufunguka, na asubuhi wachimbaji hawangoji nusu dakika; wengine walimruka mama wakaingia bila kuandikwa. Nilifungua kile kifaa cha kiunzi kinachoonyesha kila swali ambalo programu inaiuliza kanzidata, yaani ghala la rekodi zote. Nikaona aibu yangu mwenyewe. Kwa kila mchimbaji, programu ilirudi kuuliza: huyu ni wa kikundi gani? Halafu tena: kikundi hiki kiko shimo gani? Watu mia tatu, maswali zaidi ya mia sita. Ni kosa la kila anayeanza, kwa maana msimbo wenyewe unaonekana safi, na kiunzi kinauliza kimya kimya bila kukuonyesha.

Nilirekebisha kwa mistari michache. Niliiambia programu ilete majina, vikundi na mashimo kwa pamoja. Yakabaki maswali matatu. Nikaongeza faharasa kwenye safu inayosema nani hajatoka, ili kanzidata isipekue rekodi za miezi yote. Ukurasa ukafunguka kwa sekunde nne. Mama wa mlangoni alinibusu mashavu yote mawili.

Ningeacha pale. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na haisaidii kitu.

Prezida wa koperative alikuwa na wageni waliokuja kuangalia kama machimbo yake yana utaratibu. Alipenda kuwaonyesha ule ukurasa kwenye simu yake. Sekunde nne zilimkera.

"Wageni bakifika, mi sitaki bangoje," aliniambia. "Nafinya, inafunguka. Ni ile tu."

Nikaweka kashe. Maana yake ni kwamba programu inatengeneza ukurasa mara moja, inatunza nakala, na kila anayekuja anapewa nakala ile ile bila kanzidata kuulizwa tena. Hatari yake inajulikana: nakala inaweza kuchakaa. Kwa hiyo nilipanga kwamba kila mtu akiandikwa, nakala ifutwe na mpya itengenezwe. Kiunzi kina njia rahisi ya kufanya hivyo: rekodi ikihifadhiwa, kinatoa ishara, nawe unasema ishara ikitoka kifanyike nini. Nilijaribu kwenye kompyuta yangu. Niliandika mtu, nakala ikafutwa. Nikaandika mwingine, ikafutwa. Nilifurahi, nikaiweka kazini siku hiyo hiyo.

Nilijaribu mtu mmoja mmoja. Sikujaribu mkupuo.

Majina yanayoingia kwa mkupuo hayapiti njia ile. Yanakwenda moja kwa moja kwenye kanzidata, yote pamoja, na kiunzi hakitoi ishara. Imeandikwa kwenye maelezo yake, kwenye sanduku la rangi ya njano. Nilikuwa nimelisoma lile sanduku nikiwa bado mwanafunzi.

Kwa wiki kadhaa hakuna aliyeona kitu. Majina ya mlango wa nyuma yalifika, ukurasa ukabaki wa zamani, lakini baada ya dakika moja au mbili mama wa mbele aliandika mtu mwingine, na nakala ikafutwa. Kosa lilifichwa na shughuli za watu wenyewe.

Halafu mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya siku ya nne jua lilitoka, na wachimbaji, waliokuwa wamekaa bila kazi siku hizo zote, waliingia kwa wingi. Mlinzi wa mlango wa nyuma alipanda kilima akatuma majina yake. Kabla mama wa mbele hajaandika mtu mwingine, udongo wa shimo moja ulishuka. Mama wa mlangoni aliniambia kwamba hakusikia kishindo kikubwa. Alisikia watu wanapiga kelele, akaona vumbi. Mlango ulifungwa papo hapo. Hakuna aliyeandikwa kuingia, na waliokimbia kutoka hawakusimama kuandikwa. Kwa hiyo nakala haikufutwa.

Prezida alifungua ukurasa kwenye simu yake. Ulifunguka mara moja, kama alivyotaka. Shimo lile lilikuwa na watu sita.

Wawili walitoka wenyewe wakitambaa. Wanne walichimbuliwa, watatu wakiwa hai, mmoja amekufa. Sita. Prezida alihesabu kwa sauti, akahesabu tena. Ukuta wa udongo ulikuwa bado unamwaga vipande, na waliokuwa wakichimba kwa mikono na makoleo walikuwa hatarini wao wenyewe. Akawaambia watoke. Sidhani kama mtu mwenye akili angefanya tofauti, akiwa na orodha ile mkononi.

Mwanamke mmoja alikataa kuondoka. Alisema mume wake yuko ndani. Mama wa mlangoni alikuwa karibu, na ndiye aliyenisimulia maneno haya.

"Mama, angalia weye mwenyewe," prezida alimwambia, akimwonyesha simu. "Batu sita. Bote sita balishatoka. Bwana yako pengine alienda Fungurume kutafuta kazi, hakukuambia."

"Nilimusindikiza mi mwenyewe ku mulango ya nyuma," mwanamke alisema. "Nilimuona anaingia."

Wakamwita mlinzi wa mlango wa nyuma. Alisema hawezi kukumbuka kila uso, lakini majina yote ameyatuma, yako kwenye mashine. Simu yake ilikuwa tupu. Mimi ndiye niliyeipanga ijifute baada ya kutuma. Basi wote wakarudi kuangalia mashine, na mashine ilisema sita. Mwanamke alianza kushuka peke yake, wakamshika.

Mama wa mlangoni alinipigia simu baada ya muda mrefu. Alikuwa amezoea kuniita mashine ikikawia tu, na sasa ilikuwa haikawii.

"Mama, iko mama moja hapa analia, anasema bwana yake eko mu shimo. Jina haiko ku liste. Angalia basi kwako."

"Aliingilia wapi?"

"Ku mulango ya nyuma."

Nilipoyasikia maneno hayo mikono yangu ilijua kabla ya kichwa. Sikufungua ukurasa. Niliingia kwenye kanzidata yenyewe, nikauliza shimo lile. Ilijibu watu saba. Jina la saba lilikuwa la mwanamume wa miaka thelathini na minne.

"Beko saba," nikamwambia. "Mwambie prezida beko saba. Mupe simu! Mupe simu sasa hivi!"

Nilisikia akikimbia na kuhema. Nilimwambia prezida. Nilisikia sauti yake ikiwaita watu warudi, kisha simu ikakatika.

Nilichukua taksi-moto, pikipiki ya abiria. Nilipofika walikuwa wanachimba tena. Yule mwanamke alikuwa ameketi kwenye gunia, mikono juu ya kichwa, na sikumsogelea. Walimtoa mume wake mchana. Dari ya udongo haikumwangukia. Ilifunga njia mbele yake, naye akabaki kwenye kona ndogo ya shimo, ameegemea ukuta, amekaa. Aliyembeba aliniambia kwamba mwili ulikuwa bado laini, haujakakamaa. Nilimwuliza muuguzi aliyekuja kama mtu huyo alikufa papo hapo au baadaye. Aliniangalia, akaangalia pembeni, akasema hajui.

Siku hiyo hiyo niliondoa kashe. Kazi ilichukua chini ya dakika tano.

Kabla sijakwenda kwenye kilio cha yule mtu wa saba, prezida alikuja chumbani kwangu. Hakuwa na hasira. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua kofia.

"Hapana kusema ile kintu kule," aliniambia. "Udongo njo uliua. Haikuwa kompyuta."

"Tuliacha kuchimba kwa saa mbili, tata."

"Mi njo nilisimamisha. Mi. Weye hukukuwa pale." Alifuta uso. "Ukisema, utatua muzigo wako, lakini utamubebesha yeye."

Nililifikiria neno hilo siku mbili. Bado nadhani huenda alisema kweli. Lakini nilikwenda kwenye kilio, nikaketi kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine, na siku ya tatu mjane alipobaki na dada yake tu, nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza orodha.

Alinisikiliza. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayetaka kuelewa.

"Ile mashine ilikuwa na jina yake?"

"Ilikuwa nayo."

"Na haikuonyesha?"

"Haikuonyesha."

"Juu ya nini?"

"Juu ya kazi yangu, mama. Nilitaka ifunguke mbio."

"Mbio juu ya nani?"

Nilisema ukweli. Nilisema ni kwa ajili ya wageni wa prezida. Dada yake aliinuka, akaniomba niondoke, kwa sauti ya heshima kabisa. Niliondoka.

Koperative haikunifukuza. Nilidhani wangenifukuza, na kwa namna fulani nilitaka hivyo. Waliendelea kunipa kazi, nami nikaifanya. Majina ya mlango wa nyuma sasa yanahifadhiwa moja moja, hata kama ni polepole. Juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, imeandikwa saa ambayo orodha ilisomwa. Kabla ya kubadili chochote, najaribu kila njia ambayo jina linaweza kuingilia. Haya yote yanajulikana na kila mtu wa kazi hii.

Mjane alikuja Manika kabla ya kurudi kwao Kabalo na watoto. Sikumtazamia. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

"Nionyeshe mustari yake," alisema.

Nilifungua kanzidata. Nikamwonyesha: namba, jina, shimo, saa ya kuingia. Alisogeza kidole karibu na kioo bila kukigusa, akafika mahali palipokuwa patupu.

"Na hapa?"

"Ni saa ya kutoka."

"Hamukuandika?"

"Hakuna aliyeandika."

"Alitoka," alisema. "Nilimuona anatoka. Andika."

Nilimwuliza saa ngapi. Aliniambia, nikaandika, nikahifadhi. Aliangalia kidogo, akaniuliza kama inaweza kufutika tena. Nikamwambia hapana, ingawa kwa kazi yetu hakuna mtu anayeweza kuahidi hivyo kwa uhakika. Akafunga kitenge vizuri, akashuka barabarani walikokuwa watoto wake na mizigo, akasimamisha taksi-moto mbili.