Nyanya Moja ya Mama Wivine

Nilipoolewa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, nikitoka kwetu Mahango, mlimani, sikuwa na mtu wa kunishikia mtoto. Mwanangu wa kwanza, Nzanzu, alizaliwa na tabia ya kulia usiku na mchana. Jirani wa upande wa chini, Mama Wivine, alikuja asubuhi moja bila kuitwa, akanyoosha mikono mlangoni.

"Leta huyo mutoto," akasema. "Wewe lala."

Nililala mpaka jua likageuka. Nilipoamka nikamkuta shambani kwake anapalilia, Nzanzu amelala fofofo mgongoni mwake. Tangu siku hiyo mgongo ule ukawa wa Nzanzu. Nami kila nikienda kumchukua mtoto nilikaa kidogo, nikatazama kazi ya yule mama. Hivyo ndivyo nilivyojua habari za nyanya zake.

Mama Wivine ni mtu wa Kongo, alivuka mpaka kutoka upande wa Butembo wakati wa vita. Mume alibaki huko, kaburini. Mtoto wake mkubwa yuko Hima, anapakia simenti. Yeye alipata kipande cha shamba la mzee Kosmasi, karibu na mto Lhubiriha, akapanda nyanya. Za kwanza zilikubali sana. Halafu ukaingia mnyauko.

Kama hujawahi kuuona, ni hivi. Mche uko mzima, una maua, una matunda mabichi. Mchana jua likiwaka unalala kama umechoka. Jioni unainuka, unafurahi. Kesho unalala tena, kesho kutwa hauinuki. Siku moja Mama Wivine alikata shina la mche kama huo, akalitumbukiza katika glasi ya maji safi. Tulitazama. Nyuzi nyeupe zikaanza kushuka kutoka kwenye shina, taratibu, kama maziwa.

"Unaona?" akaniambia. "Ile njo ugonjwa yenyewe. Iko ndani ya udongo, inaingia kwa mizizi. Hata upulize dawa juu kila siku, ni bure."

Mzee Kosmasi alivumilia misimu kadhaa. Mwisho akaja akasimama kwenye tuta, mikono nyuma.

"Mama, mimi sina maneno na wewe. Lakini shamba yangu imekuwa makaburi. Nakupa msimu hii moja tu. Nyanya ikikufa tena, mimi napanda mikaratusi."

Mama Wivine alijibu, "Sawa, papa," akaendelea kupalilia. Mimi nilijua hana shamba lingine. Mikaratusi ikishapandwa hapo, yeye angeenda kulimia watu wengine, au angerudi kule alikokimbia.

Mzee Kosmasi hakujua kwamba kazi ya kutafuta nyanya isiyokufa ilikuwa imeshaanza. Pembeni pa shamba, penye takataka, kulikuwa na vinyanya vilivyojiotea vyenyewe, vidogo kama kitufe cha koti, vichachu mpaka unafumba jicho. Wakati nyanya kubwa zote zilipolala, vile vilisimama. Zamani, huko Kongo, Mama Wivine alifanya kazi katika bustani ya masista, na sista mmoja alimwonyesha jinsi ya kuozesha nyanya. Alitumia neno hilohilo, kuozesha, kama mtu anavyoozesha binti.

Alifanya hivi. Jioni alichagua ua la nyanya kubwa ambalo halijafunguka, akalifungua kwa mwiba, akatoa ile sehemu ya manjano yenye unga, akabakiza kijiti cha katikati. Asubuhi alikung'uta unga wa ua la kinyanya kidogo juu ya ukucha wake, akagusisha kijiti. Kisha akafunga uzi mwekundu ili asisahau ni lipi. Watoto wa ndoa hiyo walifanana wote: wagumu kufa, lakini matunda madogo, bado machachu. Nani atanunua? Basi akawaozesha tena kwa nyanya kubwa. Alisema hawa wajukuu hawatafanana, kila mmoja atachukua chake. Wengine watachukua ugumu wa babu na unene wa bibi. Hao ndio aliokuwa anawatafuta.

Aliozesha maua mengi. Mvua ya mawe ikaangusha mengine, funza wakaingia katika matunda yaliyoshika. Likabaki tunda moja, lenye uzi wake mwekundu, kwenye mche wa nyanya kubwa alioutunza ndani ya jerikeni lililokatwa, lenye udongo safi niliomletea kutoka kwetu Mahango. Na mche huo wenyewe ulikuwa umeanza kulala mchana, na tunda lake likadumaa. Ugonjwa ulikuwa umeufikia hata humo. Tuliomba Mungu tunda liive kabla ya mama yake kufa.

Likaiva. Mama Wivine alisema aliache kidogo tu, mbegu zikomae vizuri.

Siku hiyo nilikuwa mtoni nafua. Yeye alikuwa na Nzanzu mgongoni, ameinama juu ya jerikeni kulitazama lile tunda. Mtoto wa umri ule, ukimwonyesha uzi mwekundu, umemwita. Mkono ukapita juu ya bega, ukavuta. Mama Wivine alipogeuza shingo, tunda lilikuwa limeshaingia mdomoni na maji yake yanamchuruzika shingoni.

Nilisikia anaita. "Mama Nzanzu! Mama Nzanzu, kuya!"

Nilikimbia nikidhani mtoto ameanguka. Nikamkuta amekaa chini, Nzanzu mapajani, kidevu chekundu. Uzi ulikuwa umebaki mkononi mwa mtoto. Nilipoelewa, nikataka kumpiga kofi kwenye kile kimkono. Mama Wivine akanizuia.

"Acha. Iko na kosa gani? Ameona kitu muzuri, amekula."

"Lakini mama, ilikuwa hiyo moja tu!"

"Ninajua ilikuwa moja." Machozi yalikuwa yamemjaa, nikayaona. Kisha akamtazama mtoto mdomoni, akampanua midomo kwa kidole. "Meno iko ngapi humu?"

"Manne tu. Ya mbele."

"Basi hakutafuna. Amemeza." Akaanza kucheka, machozi bado yako palepale. "Ma chérie, mupenzi wangu, sikiliza vizuri. Nepi ya leo na ya kesho, ile maji yake usimwage."

Sikuamini. Lakini ni mimi niliyekuwa nafua nepi za Nzanzu kila siku ya Mungu, na nilijua ukweli huu kabla ya kuambiwa: mbegu ya nyanya inatoka kama ilivyoingia. Mama yeyote anajua. Nyanya gani zinaota nyuma ya vyoo bila kupandwa?

Asubuhi ya pili kazi ikaanza. Nilileta kichujio cha chai. Swabrah, anayeuza nyanya sokoni Bwera, alipita akatukuta tumeinamia beseni, kitambaa kimefunga pua.

"Haa! Mmepoteza dhahabu huko ndani?"

"Zaidi ya dhahabu," nikamjibu. "Lete maji."

"Na hicho kichujio kitarudi kwa chai?"

"Tutakungojea wewe uje kunywa."

Alicheka mpaka akashika ukuta, lakini maji alileta. Tulichuja, tukasuuza, tukachuja tena. Mama Wivine alizitandaza mbegu kwenye jani la mgomba. Akaeleza kwamba kwa kawaida mbegu za nyanya huachwa zichachuke ndani ya chupa, ule ute uondoke. Hizi zilikuwa safi tayari. "Tumbo yake imefanya kazi ya chupa," akasema, akambusu Nzanzu kitovuni.

Zikaota. Si zote, lakini kitalu kilijaa kijani. Na hapo ndipo nilipomwona Mama Wivine akifanya jambo lililoniumiza. Miche ile, tuliyoipata kwa taabu namna ile, hakuipeleka kwenye udongo mzuri. Aliipanda pale pabaya kuliko pote, katikati ya yale makaburi ya nyanya, na kabla ya kuifukia aliijeruhi mizizi kidogo kwa kisu.

Mzee Kosmasi alikuwa anapita. Akasimama.

"Wewe mama, uko na akili kweli? Mutu anapeleka watoto kwa nyumba ya surua?"

"Papa, nikiwaficha, nitajua namna gani nani iko na nguvu?"

Mzee akatikisa kichwa, akaenda zake.

Miche ilianza kulala. Kila mchana niliposhuka na uji wa mtoto nilikuta mingine imeinamisha shingo. Mama Wivine aliing'oa, akaichoma. Ikawa michache. Ikawa ya kuhesabika kwa vidole. Nilikuwa nasali moyoni kila nikiteremka, nikiogopa siku nitakayokuta mahali patupu.

Siku hiyo haikufika. Iliyobaki ilisimama, mchana wa jua kali, majani yametazama juu. Ikachanua, ikazaa. Mmoja ulizaa vidogo vichachu kama babu yao. Mwingine matunda yake yalipasuka. Lakini iliyokuwa kando ya mtaro ilizaa nyanya za kujaza kiganja, ngozi ngumu, tamu.

Mzee Kosmasi alikuja mwisho wa msimu na kamba ya kupimia mistari ya mikaratusi. Alifika kwenye ile miche, akainama, akashika shina, akalitikisa kama anayetafuta udanganyifu.

"Hii imekunywa dawa gani?"

"Haijakunywa kitu, papa."

"Kwa udongo hii?"

"Kwa udongo hii."

Akachuma moja, akaipangusa kwa shati, akauma. Swabrah alikuwa amekuja na kapu lake. Akaniangalia, nikamwangalia, tukageuka upande wa mto tusicheke. Mzee alimaliza yote, hata maji akayalamba kidoleni.

"Mama Wivine," akasema, anaikunja kamba yake, "mikaratusi ingoje. Lima. Lakini mimi pia nataka miche."

"Wewe utakuwa wa pili," akajibu. "Wa kwanza ni huyu mama. Mutoto wake amefanya kazi."

Akanikabidhi matunda mawili, yaliyoiva kabisa kwenye miche ile ya kando ya mtaro, akaniambia nikayachachushe kwa chupa, nipande kwangu. Nikapokea kwa mikono miwili, nikapiga magoti kama tunavyoshukuru kwetu. Akaniinua kwa kiwiko, akasema nisichafue gauni, halafu akaniomba nimfunge Nzanzu vizuri mgongoni kwake, maana alikuwa na maua ya kuozesha jioni hiyo.