Rasimu ya Posa Iliyofika Mlali

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutumia majina ya kweli. Nalisema mapema ili mnicheke mara moja tumalize, maana kila nikiikumbuka ile Jumamosi masikio yanawaka moto, na mimi ni mtu ambaye hata nikikosea mkato kwenye meseji nafuta naandika upya.

Nafanya kazi ya kuchapa na kutoa nakala kwenye steshenari moja hapa Dodoma mjini, na wateja wakikosekana naandika riwaya ya mapenzi (hakuna aliyenifundisha, nimejifunza kwa kusoma vya wenzangu na kufuta vyangu). Yunisi nilimfahamu kwenye kundi la wasomaji mtandaoni. Nilibandika sura ya kwanza, shujaa wangu anavuka maji ya Bahi kwa kuogelea mwezi wa kumi, akatokea mtu asiye na picha akaandika: "Kaka, mwezi wa kumi Bahi ni vumbi tupu. Huyo anaogelea au anagaagaa?" Kundi zima likacheka siku mbili. Nikamfuata pembeni kujitetea, nikajikuta namwomba ushauri, na mwaka ukapita tukiandikiana kila siku bila kuonana, yeye kwao Mlali akiuza duka la pembejeo, mimi mjini, na kila mmoja akimwita mwenzake rafiki. Nilikuwa nampenda. Sikumwambia kwa sababu sikuwa nimepata sentensi nzuri.

Sasa, sura ya kumi na mbili shujaa anapeleka barua ya posa. Nikaiandika barua nzima, ila majina ya wahusika nilishayabadilisha mara kumi na moja na nafasi tupu huwa inanikosesha raha, nikaona kwa muda niweke tu Yunisi, baba yake Mzee Madeje, na chini jina langu na namba yangu ya simu. Nitabadilisha baadaye. Simu ya Yunisi ilikuwa imepasuka kioo, hawezi kusoma kitu kirefu, akasema nimtumie karatasi aisahihishe. Nikachapa, nikatia kwenye bahasha nyeupe nzuri (ya kaki niliiona ya kiofisi mno), nikampa kondakta wa gari la Kongwa linalopitia Mlali, na kwa kuwa kule kijijini anayejulikana na kila mtu ni baba yake, juu nikaandika: Kwa Mzee Madeje, Mlali.

Baada ya siku tatu ikanipigia namba ngeni.

"Wewe ndiye Fadhili?"

"Ndiyo mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Barua yako tumeisoma. Jumamosi njoo."

Mimi nikaelewa kwamba mzee kaipenda riwaya. Nikamwandikia Yunisi kuwa baba yake kaniita, akajibu neno moja tu, "Najua," nikadhani ni kwa sababu ya kile kioo. Jumamosi nikaenda nimevaa fulana, begani sura zote kumi na mbili, mfukoni kalamu nyekundu.

Nilipofika nikakuta turubai. Wazee wanane kwenye viti, kina mama kwenye mikeka, harufu ya kuku, na Mzee Madeje kavaa koti juani.

"Karibu. Mshenga wako yuko wapi?"

"Nimekuja mwenyewe, mzee."

Wakaguna. Shangazi yake Yunisi, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya mnadani, akaitoa barua yangu. "Humu mna sehemu hatukuzielewa, tukasema mwenyewe atakuja kueleza." Akaanza kusoma. "'Kwa heshima na taadhima,' halafu mabano, 'taadhima imezidi, punguza.' Tupunguze nini, mwanangu?"

Nikazikumbatia zile sura zangu.

"'Naomba kumposa binti yenu Yunisi, mzuri kama,' mabano, 'tafuta mfano, si mwezi, kila mtu anasema mwezi.' Haya. 'Baba anasimama kwa hasira. Au acheke? Amua.'" Akamgeukia mzee. "Kaka, unasimama au unacheka? Mkwe hajaamua."

Watu wakavunjika mbavu. Mimi jasho lilikuwa limeshafika kiunoni, nikasimama nikasema samahani wazee wangu, hiyo si barua, hiyo ni sura ya kumi na mbili.

"Ya nini?"

"Ya riwaya."

Kicheko kikakatika palepale. Mlangoni alikuwa amesimama msichana wa kitenge kipya, nywele zimesukwa siku hiyohiyo, na nikajua ni yeye kabla hajasema neno. Ndipo nikaelewa ile "Najua". Kumbe barua ilipofika, kwa kuona majina yetu ya kweli, alidhani riwaya ilikuwa kisingizio tu; walimuuliza kama ananifahamu, na kama yuko tayari, na mbele ya ukoo mzima alisema yuko tayari.

"Kwa hiyo mimi ni wa kwenye riwaya?" akauliza.

Hapo mtu mwingine angejibu. Mimi nikachomoa kalamu (nyekundu!), nikasema, "Naomba dakika mbili niandike jibu."

Kina mama walilala kwenye mikeka kwa kucheka. Yunisi hakucheka. Macho yalikuwa yameanza kumjaa maji. "Huandiki kitu, Fadhili. Sema."

Nikasema. Nilisema vibaya. "Yunisi, mimi, yaani wewe ukichelewa kujibu mimi hata chipsi hazishuki. Kila siku. Kuanzia ile ya Bahi. Hiyo si ya riwaya."

Shangazi akavua miwani. "Sasa hiyo ndiyo ungeiandika!"

Mzee Madeje aliikunja barua taratibu akanirudishia. "Kijana, binti yangu simtoi kwa rasimu. Kula, uende, umlete mtu mzima." Yunisi akaniletea ugali na kuku bila kuniangalia, lakini aliponiinamia kuninawisha akanong'ona, "Uje na shati."

Mjomba wangu alikwenda mwezi uliofuata, kwa barua ya mistari minne, wakaipokea. Nilidhani nitapona, kumbe mpaka leo pale Mlali watoto wananiita Mabano.

Tangu siku hiyo sijamwandikia Yunisi kitu cha moyoni. Nikiwa na neno nampigia, linatoka lilivyo, na ananielewa.