Kipimo Kilichogoma Siku ya Sendoff

Kazi yangu ni kupima vipimo. Nikisema hivyo kwenye vikao vya familia watu hucheka, kwa hiyo siku hizi nasema tu niko hospitali. Idara yetu inawapa wagonjwa wa saratani ya tezi ya shingo dawa yenye mionzi. Akishaimeza, mgonjwa mwenyewe anatoa mionzi, na anakaa chumba cha peke yake mpaka ishuke. Siku ya kutoka inaamuliwa na kipimo cha mkononi. Na kila asubuhi, kabla sijamsogelea mtu, nakiweka kipimo hicho mbele ya kisahani kidogo chenye mionzi ambayo nguvu yake tunaijua. Kikisoma kinavyotakiwa, kazi inaanza. Kisiposoma, hakuna kazi.

Jumamosi ile kiligoma. Mara ya kwanza kilisoma karibu nusu ya kinavyotakiwa. Nikarudia, kikapanda kidogo. Nikarudia tena, kikashuka kuliko mwanzo. Nikabadilisha betri, nikazilaani betri za Kariakoo, nikaagiza nyingine, kikaendelea na vituko vyake.

Chumbani alikuwamo mama mmoja wa Kichaga mwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Nilimfahamu kabla hajaugua, taa zangu zote za nyumbani nilinunua kwake. Hakuna mteja aliyeondoka pale bila kujaribiwa taa yake kwenye soketi ya kaunta, maana bango ukutani lilisema mali ikishauzwa hairudi. Jioni ya siku hiyo ilikuwa sendoff, sherehe ya kumuaga binti yake wa pekee kabla ya harusi.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia kutokea mlangoni.

"Marahaba, binti. Mbuzi wa ndafu ameshachinjwa. Niambie naenda."

Kipimo cha pili tulikuwa nacho. Kilipelekwa kuhakikiwa, na karatasi ya kukirudisha ilikuwa ikisubiri saini ya mtu aliyekuwa semina. Nikapiga simu hospitali nyingine. Wanacho, ila kimefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo amesafiri msibani. Nilipigwa danadana mpaka mchana, nikatamani kulia kwa hasira.

Mkuu wangu aliona namletea ukaidi. "We dada, kama kinasoma pungufu si uongeze kichwani? Mama wa watu ana sherehe."

Ningeongeza nini? Kipimo kinachodanganya kwa kiasi kilekile unaweza kuishi nacho, kama saa ya ukutani inayochelewa dakika tano. Hiki kilidanganya tofauti kila mara. Na kwenye sendoff mama wa bibi harusi hakai pembeni. Ukumbi mzima unamkumbatia, watoto wanamlalia mapajani, wajawazito wanakuja kumpongeza. Nikakataa kusaini.

"Basi kamwambie mwenyewe," akasema, akaondoka zake.

Nilimwambia. Nikamkumbusha na taa zake: mbona hata yeye hatoi kitu ambacho hakijajaribiwa? Nilidhani nimepata mfano mzuri.

"Binti, mimi si taa," akasema. "Taa ikilala rafu wiki nzima haikosi kitu."

Jioni binti yake aliacha mlangoni kilemba cha sare, akakimbilia ukumbini huku analia. Mama akakivaa juu ya gauni la hospitali, akaiegemeza kwenye jagi la maji simu yake tuliyoivika mfuko wa plastiki, aifuate sherehe kwa video. Nikiwa nje nilisikia vigelegele, nikasikia MC anamwita mama mzazi asimame. Halafu mtandao ukakata. Akabaki anaita, "Haloo? Haloo?"

Jumatatu kipimo cha pili kikarudi. Nikakijaribu, kikasoma sawasawa. Nikampima mama, alikuwa chini kabisa ya kiwango. Nikapiga hesabu ya kurudi nyuma, na jibu sikulipenda.

"Kwa hiyo Jumamosi ningeenda?" akauliza.

"Ungeenda, mama."

Akainama kutafuta viatu vyake.

Hasira ninayo mpaka leo, na sijui nimpelekee nani. Nilifanya sahihi, na kesho ningefanya vilevile. Wanasema bora lawama kuliko fedheha. Sawa, lakini lawama nilizibeba mimi, na yule wa semina alirudi na fulana mpya.

Kilemba kilibaki stoo kwetu, kama kila kilichogusa ngozi yake, mpaka mionzi iishe. Mionzi ilipokwisha nilikifua, nikakipiga pasi, nikakipeleka Kariakoo mwenyewe. Nilimkuta anamjaribia mteja taa. Aliiwasha, akaizima, akaiwasha tena, ndipo akanigeukia. Kilemba alikitazama bila kukishika.

"Umekipima?"

"Nimekipima, mama."

"Kwa kipimo kipi?"