Sahani Niliyoirudisha Kwenye Kabati la Joto

Alipofika yule binti kutoka Dodoma, nilikuwa nimeshaotesha bakteria wa nyama kwa miaka kumi na tisa katika maabara yetu ndogo hapa Mtwara. Alikuja na mashine ya kusoma vinasaba, ukubwa wake kama oveni ya keki, na kila mgeni aliyeingia alipelekwa kuiona. Juu ya kabati langu la joto, ninamooteshea, wageni waliweka mikoba yao.

Nilimwonea wivu. Niliamka nao, nikaenda nao kazini, nikarudi nao Naliendele kwa mume wangu na mikorosho yetu. Nilionea wivu Kiingereza chake, vidole vyake visivyotetemeka, na jinsi mkuu wetu alivyomwita "mtaalamu" wakati mimi ni "mama" tu.

Jumatatu moja ililetwa nyama ya ng'ombe kutoka bucha moja la mtaa wa Ufukoni. Nilipima gramu ishirini na tano, nikazisaga ndani ya supu ya kuoteshea, nikailaza kwenye joto. Kesho yake yeye alichota tone katika supu yangu hiyo hiyo, na kabla ya saa tisa alasiri mashine ikamwambia salmonela, bakteria wanaoharisha watu, wamo.

"Mama, njoo uone," akaniita.

"Mashine inaona hata bakteria waliokufa," nikamjibu. Ni kweli, lakini sikulisema kwa ajili ya ukweli.

Kwa utaratibu wetu, bucha halikufungwa kwa neno la mashine peke yake. Ilibidi bakteria hai waote kwenye sahani zangu za ute mwekundu, nilizozipaka supu ile Jumatano. Basi wote wakanisubiri mimi, nami nikafurahi kusubiriwa. Nikaomba, Mungu anisamehe, sahani zitoke tupu.

Alhamisi asubuhi nilifungua kabati, nikatoa sahani moja. Juu ya ule ute mwekundu vilikuwa vimeota vidoa vyenye kiini cheusi, vingi, vimebanana. Ni salmonela; nilivijua kama ninavyoujua mwandiko wangu.

"Vipi?" akauliza yule binti nyuma yangu.

"Bado. Tuzipe muda."

Nikairudisha sahani ndani, nikafunga mlango.

Saa tano mhudumu wetu wa usafi aliingia kuaga. Mjukuu wake alikuwa ametoka jandoni, akasema, na wageni wamejaa. Anakimbia Ufukoni kununua nyama ya pilau.

"Bucha gani?" nikamuuliza.

Akalitaja. Ni lile lile.

"Usinunue hapo," nikasema. Kisha nikaitoa sahani, nikaiweka mezani mbele ya yule binti. "Wameota tangu asubuhi. Nilikudanganya."

Aliitazama sahani, halafu akanitazama mimi. "Sawa, mama," akasema, akachukua simu.

Bucha lilifungwa kabla ya adhuhuri. Waliokwenda kukagua walikuta visu vinasuuzwa kwenye ndoo moja, maji yale yale tangu alfajiri. Sikusikia habari ya mtu aliyeugua, lakini kwa zile saa nilizonyamaza siwezi kuapa.

Nilisubiri wiki nzima anishtaki kwa mkuu. Hakunishtaki. Hata huo utulivu wake nikauonea wivu.

Mwezi uliofuata nilimwomba anifundishe mashine. Mara ya kwanza nilichafua sampuli zote. Akavaa glavu mpya, akanipa na mimi jozi yangu, akasema turudie.