Mama Mkwe Mbele ya Kamera

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Pale ofisi ya maji alikofanya kazi, kuanzia mabosi hadi wafagizi, kila mtu alimwita Taratibu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka meza kwa meza akiwapatanisha watu na kompyuta zao. Karani wa ankara akipiga mayowe kwamba kazi ya asubuhi nzima imepotea, Taratibu huvuta kiti, akaketi kando yake, akasema kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, "Taratibu, dada. Hakuna kilichopotea. Kimejificha tu." Na mara nyingi kilikuwa kimejificha kweli.

Mtu huyu alipenda programu za kompyuta kama wenzake wanavyopenda mpira. Akigundua mpya, hasa ya bure, hakulala mpaka ajue kila kitufe chake. Jambo lililomkereketa ni kuona watu wanazo kompyuta majumbani lakini hawazitumii. "Mtu ananunua kompyuta," alimwambia mkewe, "halafu anachezea karata. Si sawa na kununua gari ukakaa ndani kusikiliza redio?"

Mkewe alikuwa nesi, na maneno hayo aliyasikia mara nyingi kuliko alivyopenda. "Mume wangu," akamjibu siku moja huku akivua viatu vya kazini, "mimi nimekwisha kuelewa. Kawaambie na wengine."

Alisema kwa utani, lakini Taratibu aliyachukulia maneno hayo kwa uzito. Nyuma ya maktaba ya mtaa kulikuwa na kituo kidogo cha televisheni ya jamii, ambako watu walitengeneza vipindi kwa kujitolea. Studio ilikuwa chumba kimoja, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Aliyekiongoza kituo hicho alikuwa mama mmoja mstaafu, zamani mtangazaji wa redio, na watu walimwita Mama Mikrofoni kwa kuwa hata akiagiza chai ungedhani anasoma taarifa ya habari.

"Kipindi cha nini?" aliuliza.

"Cha programu za kompyuta, mama."

"Na nani huyo atakayekaa saa nzima akimwangalia mtu anabofya?"

"Nusu saa tu," Taratibu akasema.

Mama Mikrofoni akacheka, akamwambia ajiandae, waje wajaribu Jumamosi.

Taratibu akapanga kipindi kama mtu anayepanga harusi ya mwanawe. Aliitwaa meza ya chakula. Akaandika mambo atakayoanza nayo: historia ya kompyuta, tofauti ya programu ya bure na ya kulipia, masharti ya leseni, moja baada ya jingine. Mkewe akasoma ukurasa wa kwanza, akapiga mwayo, akasema huo angewasomea wagonjwa wake wasiopata usingizi.

Upande wa pili wa meza hiyo hiyo alikaa mama mkwe wake. Alikuwa amehamia kwao baada ya kupasuliwa goti, na muda wake mwingi aliutumia kufuma masweta ya wajukuu. Taratibu alimheshimu mno, tena kwa kiasi cha kuchosha. Tangu aoe, mazungumzo yao hayakuvuka "Umeamkaje, Mama?" na "Nimeamka salama, baba." Mama mkwe akiingia sebuleni, yeye anasimama, akikaa kwenye kochi, yeye anahamia kwenye kiti cha mbao. Hivyo waliishi kwa amani, kila mtu na lake.

Jumamosi ikafika. Mpiga picha alikuwa mpiga video za harusi, jitu la miraba minne lenye mikono laini, aliyejitolea siku alizokosa maharusi. Akawasha taa. Akahesabu kwa vidole. Taratibu akaitazama kamera, kamera ikamtazama, na ulimi ukamganda.

"Karibuni watazamaji," alisema hatimaye. "Mimi ni programu."

Kamera ikatikisika, maana aliyeishika alikuwa anacheka. Wakarudia. Safari hii alisahau kuwakaribisha watu akawaaga. Wakarudia tena, akasoma kwenye karatasi, sauti ikamtoka kama tangazo la gari lililoegeshwa vibaya. Kijasho chembamba kikamtiririka mpaka kwenye kola.

Mama Mikrofoni akazima taa, akaja kukaa kando yake. "Kaka yangu, mbona ukizungumza na mimi unamwaga maneno kama bomba, ukizungumza na kamera unakauka?"

Taratibu akafikiri. "Kamera haina shida, mama. Haijaharibikiwa na kitu. Sijui nimwambie nini mtu ambaye hana shida."

"Basi nenda ukalete mtu mwenye shida," mama akasema.

Alirudi nyumbani kichwa chini. Njia nzima alikuwa akitafuta namna ya kumwambia Mama Mikrofoni kwamba basi, wasahau, kila mtu aendelee na mambo yake. Alipofungua mlango alisikia mtu anagomba. Alikuwa mama mkwe wake, peke yake mezani, anagombana na karatasi ya miraba. Alikuwa akichora ndege wa kufuma kifuani mwa sweta, kila mraba ni kifundo kimoja cha uzi. Alikuwa amechora na kufuta, akachora na kufuta, mpaka mahali pa mkia pakatoboka.

"Ndege huyu ananitukana, baba," alilalamika.

Taratibu alisimama pale na koti lake mkononi. Aliitazama ile miraba. Pengine siku nyingine angesema "Pole, Mama" na kupita. Siku hiyo alivuta kiti akaketi karibu naye, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akafungua kompyuta yake na programu ya majedwali, ile ile ambayo wahasibu huitumia kwa hesabu zao. Akazibana safu zote mpaka ukurasa mzima ukawa miraba midogo, akapaka mmoja rangi nyekundu.

"Jaribu hapa, Mama. Bofya."

"Nikikosea?"

"Unabonyeza hiki. Kosa linarudi lilikotoka."

Mama akabofya, akakosea kwa makusudi, akarudisha. Akakosea tena, akarudisha tena. Kisha akaivua miwani, akamgeukia.

"Yaani kosa linafutika bila kutoboa karatasi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na kitu hiki umekaa nacho humu ndani siku zote, mimi natoboa makaratasi, nawe unanisalimia tu?"

Taratibu alicheka, mama naye akacheka, na kuanzia hapo heshima ile ya kuchosha ikalegea. Nesi aliporudi kutoka zamu aliwakuta vichwa vimekaribiana, wanabishana kuhusu mkia. Mumewe alitaka uwe mrefu. Mama yake alisema mkia mrefu utafika kwapani. Nesi hakuamini macho yake. Alipoelezwa yaliyotokea studio, alimnyooshea mama yake kidole.

"Si mlitaka mtu mwenye shida? Huyo hapo."

"Shida gani?" mama akahamaki. "Mimi nina ndege."

Taratibu asingethubutu kumwomba mama mkwe wake aende kwenye televisheni. Mkewe ndiye aliyeomba. Mama alijishaua kidogo, akauliza nguo gani inapendeza kwenye kamera, akakubali kwa sharti moja: goti lake lisionyeshwe.

Jumamosi iliyofuata taa ziliwashwa tena. Mama mkwe hakuiangalia kamera hata mara moja. Alikuwa na kazi ya kufanya. Na kwa kuwa yeye hakuiangalia, Taratibu naye akaisahau. Maneno yakaja yenyewe. Alipoanza kupotelea kwenye mambo ya kujumlisha na kugawanya, mama alimgonga mkono kwa sindano ya kufumia. "Hayo mwachie mhasibu, baba. Mimi nataka mkia."

Alipomfundisha kunakili na kubandika, na ndege wa pili akatokea pembeni ya yule wa kwanza, mama alipiga vigelegele palepale kitini. "Wamekuwa wawili! Na jasho halijanitoka!" Mpiga picha, kwa mazoea ya kazi yake, akauvuta uso wa mama karibu kwa kamera, polepole kama uso wa bibi harusi. Mama Mikrofoni alikuwa amejifunika mdomo kwa khanga, mabega yanacheza.

Kipindi kilirushwa jioni ya katikati ya wiki. Sehemu ya leseni ilikatwa yote, na Taratibu aliumia kidogo. Simu zikapigwa kituoni. Fundi viatu mmoja aliuliza kama miraba ile inaweza kumchorea soli. Mwalimu wa chekechea alitaka kuwachorea watoto herufi. Wengine, na hao ndio waliokuwa wengi, waliuliza yule mama atarudi lini. Sokoni muuza vitunguu alimsimamisha Taratibu kwa furaha kama ndugu aliyepotea, akamuuliza, "Mama hajambo?" Hali ya Taratibu mwenyewe hakuiulizia. Taratibu alijibu kwamba hajambo, akatembea akitabasamu peke yake mpaka mwisho wa soko.

Kipindi cha pili walipanga kiwe cha kuandika barua. Siku ya kurekodi kulikuwa na baridi, na goti lilikuwa likimsumbua mama tangu asubuhi. Taratibu akamwambia apumzike, leo ataenda peke yake.

"Peke yako utawaambia nini?" mama akauliza. Alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

Wakatoka. Taratibu alibeba kompyuta kwenye kwapa la kushoto, na barabara ilipoanza kupanda, mama mkwe wake aliushika mkono wake wa kulia, akaegemea, wakaenda wakibishana kuhusu barua iandikiwe nani.