Omena Juu ya Sola

Mama aliponunua pampu ya sola, mimi ndiye niliyempinga. Nilikuwa nimerudi nyumbani Usenge, kando ya ziwa, kutoka chuo kikuu, sina kazi, nina maswali tele. Kama jua linatosha, mbona majirani wote bado wanavuta maji ya ziwa kwa mashine za petroli? Ikiharibika ataitengeneza nani? Mama alijibu kwamba amechoka kufukuzana na petroli na kula moshi kila asubuhi.

Wiki za kwanza maji yalipanda hadi shambani bila kelele. Hata hivyo sikushawishika. Kisha, nyanya zilipoanza kutoa maua, maji yakapungua hadi kudondoka tu, tena mchana wa jua kali. Maua yakaanza kuanguka. Mama hakuwa amepanda kitu kingine msimu ule.

Nikamwambia turudi kwa petroli. Hakubisha. Aliinua jani moja lililolegea, akaniambia nikatoe mashine ya zamani stoo.

“Umeshinda,” alisema. “Furahi basi.”

Sikufurahi. Nilitaka kujua kwa nini. Nikaingia ziwani kusafisha chujio, nikaufuata mpira wa maji mpaka shambani, nikakagua nyaya. Hakuna kitu. Zilibaki paneli zenyewe, ambazo tulikuwa tumezifunga nyuma ya nyumba ya shangazi, mahali pasipo na kivuli.

Nilizikuta zimefunikwa na omena, dagaa wa ziwani, zilizotandazwa vizuri chini ya wavu. Shangazi alikuwa ameketi kando na fimbo ya kufukuzia kuku.

“Shangazi, hii ni sola ya Mama.”

“Najua. Inakausha haraka kuliko chini, na haina mchanga.” Akanitazama. “Kwani nimemaliza jua?”

Mama alikuwa amefika nyuma yangu. Nikangoja ugomvi. Aliokota omena moja, akaivunja, akaitafuna polepole.

“Wifi,” alisema, “hizi zimekauka leo leo?”

“Tangu asubuhi tu.”

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Tukazihamishia omena kwenye karai, tukapangusa magamba kwa kitambaa, na kabla hatujamaliza tukasikia maji yakipiga mfereji.

Maua mengi yalishika. Shangazi nilimjengea kichanja chake cha kuanikia omena, kwa sharti lake kwamba kiinuke juu sawasawa na paneli. Jirani mmoja amekuja mara mbili kuangalia pampu. Bado najiuliza tutafanyaje siku za mawingu, na jirani huyo nilimwambia hivyo. Lakini mashine ya petroli sikuitoa stoo, na kila asubuhi ni mimi ninayepangusa sola.