Kanzu ya Mwenyekiti

Enzi za Wajerumani nilikuwa fundi mpya wa mashua huku Rumonge. Katika mikutano ya chama cha mafundi, sisi vijana tulikaa nyuma, kimya, na wengi walianza kuondoka. Ili kutubakiza, wazee wakabuni sharti: kijana azibe nyufa za nusu ya mbele ya mashua kwa pamba na mawese, mzee azibe nusu ya nyuma, kisha wote wawili waketi ndani, kila mmoja kwenye nusu yake, isukumwe ziwani. Kijana akibaki mkavu, ana haki ya kusema mkutanoni.

Zamu yangu nilipangiwa mwenyekiti wa chama, nikaketi mbele roho juu. Maji yakapenya nyuma, kwa mwenyekiti!

"Mzee, hebu simama tuone kanzu!" nikapayuka.

Akasimama akichuruzika, ufuo mzima ukicheka.

"Mutoto huyu sasa aketi mbele mkutanoni," akasema, akiikamua kanzu.

Mkutano uliofuata nilisema mpaka wakaniomba nipumue.